Msekoya wa Uani kwa Shangazi

Mimi si mtu wa miti, na nalisema mapema ili usije ukanitegemea. Nimezaliwa Uchagani, kweli, katikati ya migomba na kahawa, lakini niliteremka Dar es Salaam nikiwa sijaota hata ndevu, na tangu hapo kitu kirefu kuliko vyote nilichokijua kilikuwa foleni ya sukari. Nilikuwa nauza vifaa dukani kwa mjomba wangu, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo: misumari, bawaba, makomeo, kufuli. Zilikuwa enzi za Ujamaa, misumari leo ipo kesho haipo, na sisi wenye maduka tulitazamwa kwa jicho la pembeni kana kwamba tumekula kitu cha wenzetu. Mimi nilikuwa nimekula nini? Mchana maharage, jioni maharage.

Basi siku moja akaja binti kununua komeo la mlango wa choo. Najua, huo si mwanzo mzuri wa kusimulia mapenzi, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sitaligeuza komeo liwe ua la waridi ili wewe ufurahi. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na alikaa kwa shangazi yake, jirani kabisa na duka letu. Aliligeuza lile komeo mkononi, akaniuliza kabila langu, nikamtajia. Akasema basi afadhali atafute kwingine, maana komeo la Mchagga likisikia sarafu imeanguka hujifungua lenyewe. Akacheka, akalinunua, akaondoka. Nilibaki nimeshika chenji yake kama mjinga.

Kumbe alikuwa Mpare. Kama kwenu hakuna utani, nikueleze. Wachagga na Wapare ni watani tangu babu na babu. Mtani anaweza kukusema mbele za watu, akakuvua kofia akaondoka nayo, akaja msibani kwenu akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye usiye na adabu. Ni mila nzuri sana, isipokuwa ina kasoro moja: mtani anaposema jambo zito, huna njia ya kujua kama anatania.

Nami nilikuja kuijua kasoro hiyo vizuri. Maana baada ya komeo zilikuja bawaba, na baada ya bawaba ikaja kufuli, mpaka mlango wa choo cha shangazi ukawa imara kuliko wa benki, na shangazi mwenyewe akachoka. Aliniita, akaniambia waziwazi kwamba kama nina neno na mtoto wa kaka yake, nimngoje kaka yake aje nimweleze yeye, na siyo kumjazia nyumba vyuma.

Baba huyo alikuwa mnyapara wa kitalu cha miti katika kambi ya misitu ya serikali, huko milimani kaskazini, kwenye baridi. Binti amekulia hapo hapo kambini. Mzee alipokuja mjini kumwona dada yake nilivaa shati langu la Jumapili, nikaingia uani, nikaamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayekadiria gogo litatoa mbao ngapi. Nilieleza haja yangu. Nilieleza vizuri tu, nadhani.

"Wewe unauza," akaniambia. "Sisemi ni vibaya. Lakini kila unachouza kinakufikia kikiwa tayari. Hujawahi kungoja kitu kikue. Binti yangu nimpe mtu asiyejua kungoja?"

Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikaratasi kilichosokotwa. Ndani mlikuwa na mbegu ndogo, bapa, nyepesi kama pumba za mchele. Akasema hizo ni mbegu za mti mkubwa kuliko yote duniani. Kwao Marekani wazungu wanauita sekoya. Kambini kwake walikuwa wakiuita msekoya, kwa sababu mti ukishaota kwenu lazima upate jina la kwenu. Michache ilipandwa zamani juu ya kilele, mahali ambapo asubuhi majani huwa na barafu. Mzee alipoanza kuieleza alisahau kabisa kuwa ananihoji. Alisema ukisimama kilima cha pili, hata kwa mbali namna gani, utautambua msekoya katikati ya msitu, kwa kuwa miti mingine ina vichwa vilivyotimka na wenyewe umechongoka kama penseli mpya. Ukiukaribia, gome lake ni jekundu na laini, unaweza kulipiga ngumi lisikuumize, kama makumbi ya nazi. Majani yake ni magamba madogo yaliyokumbatia kijiti mpaka kinafanana na kamba. Na hiyo ya kambini, alisema, bado ni watoto. Huko kwao shina moja likilala Mtaa wa Msimbazi litaziba barabara, mitaro na vibaraza vya pande zote mbili.

"Mti huu hautaki uwanja," akasema, "unataka nchi. Lakini wewe uoteshe hapa hapa. Nikirudi mwisho wa mwaka nikiukuta hai, tutazungumza. Nisipoukuta, naondoka na binti yangu."

Nilicheka. Mtani kanitania, mimi nifanye nini? Nikamtazama shangazi, akawa anachambua mchele. Nikamtazama binti, na yeye hakuwa anacheka hata kidogo. Nikakipokea kile kikaratasi.

Kabla hajaondoka, mzee alinipa masharti mawili, na kwa hilo sikuweza kumlaumu, alinifundisha kwa haki. Kwanza, mbegu zikae kwenye baridi kwa majuma kadhaa ili zidhani zimepita kipindi cha theluji. Pili, zipandwe kwenye udongo uliochotwa chini ya miti ya ukoo wao. Alisema miti ya namna hiyo ina vitu fulani udongoni vinavyoilisha, na ukiipeleka mahali pageni bila udongo wa kwao inadumaa. Kambini walibeba udongo huo kwa magunia kila walipofungua kitalu kipya.

Baridi, Kariakoo! Nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa na duka la sharubati, kwa sababu yeye ndiye mwenye jokofu lililoheshimika mtaani kwetu. Nilimweleza shida yangu yote, na kwanza alikasirika, si kwa ajili ya jokofu bali kwa ajili ya yule mzee wa Kipare, maana yeye alipoposa aliulizwa maswali mawili tu. Kisha akazitia mbegu kwenye kopo, akaziweka nyuma ya jagi la ukwaju. Kila nikipita namuuliza zinaendeleaje. "Wanao hawajambo," ananijibu, "wanatetemeka tu." Umeme ulipokatika alinunua barafu kwa pesa yake akazifunika. Sikumwomba. Watu wa Kariakoo wana roho ya ajabu, wakiamua jambo lako ni lao huwezi kulirudisha.

Sharti la udongo ndilo lililonitoa jasho. Ukoo wa msekoya utaupata wapi Dar? Nikaketi nikafikiri, na nilijiona nafikiri vizuri sana. Ni mti gani wa hapa mjini wenye vijani kama sindano, unaovuma upepo ukipita, wenye vitunda vidogo vigumu? Mvinje! Sisi Wakristo wa mlimani tulipokuja Dar na kukosa ile miti yetu ya Krismasi, tulikata matawi ya mvinje, tukayapamba kwa pamba na karatasi za rangi, na hakuna malaika aliyelalamika. Kama ulitosha kwa Krismasi, kwa nini usitoshe kuwa binamu wa msekoya?

Nikachukua gunia nikaenda zangu ufukweni ilikojipanga mivinje. Nilichimba asubuhi, jua limeshatoka, watu wanapita. Mtu mzima anayechota udongo chini ya mti na kuutia gunia anaeleweka kwa namna moja tu. Bwana mmoja mwenye baiskeli alisimama akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani ninayemroga. Nikamjibu ukweli, kwamba ni kwa ajili ya baba mkwe. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanishauri nichote na ule wa upande wa mashariki.

Nilipanda mbegu zote katika debe la mafuta ya kupikia, nililolitoboa chini. Debe likawekwa uani kwa shangazi, karibu na bomba, kwa kuwa kwangu nilikuwa na chumba na kibaraza tu, na kibarazani walilala mbuzi wa jirani. Shangazi alikubali kwa sharti moja zaidi. Nije jioni nimwagilie, nikimaliza niende. Hakusema chochote kuhusu kukaa.

Sasa, kumwagilia debe moja kunachukua muda gani? Ukiwa na kata, hata salamu hujamaliza. Lakini mimi nauza misumari. Nilichukua kopo la maziwa nikalitoboa kitako tundu moja, kwa msumari mdogo kuliko yote dukani, maji yakawa yanadondoka tone, linajifikiria, tone. Nikamweleza shangazi kwa uso mkavu kwamba mbegu za kizungu hazitaki papara. Binti alikuwa analishika kopo, mimi naelekeza. Tulikuwa tunamaliza taa za vibatari zikiwashwa vyumbani. Humo ndimo nilimojua kwamba anaogopa radi, kwamba anapenda ukoko kuliko wali wenyewe, kwamba ofisini bosi wake anamwita kwa kupiga makofi na yeye huwa anajifanya kiziwi. Nilimpenda sana. Nilikuwa nafunga duka mapema mpaka mjomba akadhani nimejiunga na chama cha siri.

Vikaota. Lo! Siku hiyo nilitaka kupiga mbiu. Vilitoka vimche vingi vyembamba, vimenyooka, vya kijani kibichi, na katikati yao vikatoka vitatu vinne vya namna nyingine, vifupi, vimefifia, vimetandaza vijani kama vinyota na kutulia hivyo hivyo bila maendeleo. Magugu hayo. Nikayang'oa. Katika vile vilivyobaki nikachagua kimoja kilichokuwa na haraka kuliko wenzake, nikavitoa vingine ili kipate nafasi. Mti mkubwa kuliko yote duniani, nilimwambia binti, lazima uwe na haraka, la sivyo utafika lini? Akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, akaniambia kwamba kweli, una haraka.

Na haukunivunja moyo. Ulipanda kila wiki. Ulifika gotini, ukafika pajani, na habari zikapanda nao. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuja kuukagua, akanitaka nimweleze unene wake ukikomaa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, barabara, mitaro, vibaraza. Akashtuka, akaitisha kikao cha wakazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mti wa ukubwa huo hauwezi kuwa mali ya mtu binafsi katika nchi ya Ujamaa. Kivuli kigawiwe nyumba zote kumi kwa usawa. Mama mmoja akasema yeye hataki kivuli, anaanika samaki. Wakabishana vikali mpaka chai ikapoa kuhusu kivuli cha mti ambao mbuzi angeumaliza kwa kifungua kinywa. Mimi nilikaa nimevimba kichwa kama mheshimiwa, nikaahidi kwamba maslahi ya samaki yatazingatiwa.

Mwisho wa mwaka ukafika, na mzee akashuka na basi la kutoka kaskazini. Siku hiyo uani palikuwa na watu. Shangazi amevaa gauni jipya, mjumbe amekuja na kofia, mzee wa sharubati amefunga duka, jambo ambalo halikuwahi kutokea isipokuwa kwa Idi. Mti ulikuwa umefika kifuani kwangu. Nilikuwa nimelipaka debe rangi ya kijani.

Mzee aliingia, tukamwamkia, akaitikia. Akaupita ule mti, kiwiko chake kikaugusa kabisa, akasimama katikati ya ua.

"Uko wapi?" akauliza.

Nilinyoosha kidole. Akageuka, akautazama, kisha akanitazama mimi, kisha mti tena. Akakichuma kijani kimoja, kile kilichofanana na sindano, akakishika ncha mbili na kukivuta polepole. Kikaachana katikati, pingili kwa pingili, kama fimbo ya kuvulia samaki inayofunguliwa. Akakivuta tena, ikatoka pingili nyingine. Akasema msekoya hauna pingili. Akauliza udongo nilichota wapi, nikamweleza, na nilipofika kwenye Krismasi mzee wa sharubati akatazama chini. Basi akatueleza wote, bila kupandisha sauti, kwamba chini ya mvinje udongo umejaa mbegu za mvinje, na kwamba huu ni mvinje, mti ambao upepo wa bahari huupanda bure. Akaniuliza kama mbegu zake hazikuota kabisa. Nikasema hapana, ulitoka mti huu na magugu matatu manne hivi, mafupi, kama vinyota.

"Ukayafanya nini?"

"Niliyang'oa, mzee."

Akafumba macho. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa sakafu ya saruji. Mjumbe akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Mimi nilifanya hesabu yangu kimoyomoyo, na haikuwa ngumu: alisema nisipoukuta, na hakuukuta. Nilimsubiri anicheke. Ni mtani, ana haki ya kucheka mpaka wajukuu zangu waone aibu, na ningemshukuru. Hakucheka. Akamwambia dada yake kwamba yeye ni mtu wa neno lake, amsaidie binti kufunga mizigo.

Kisha akamgeukia binti, na sasa ndipo alipokasirika. "Mimi sishangai Mchagga wa kuuza makomeo asijue mti. Lakini wewe umezaliwa kitaluni. Ulianza kutembea umeshika miche. Hukuona kuwa huu ni mvinje?"

Binti alikuwa amesimama kando ya bomba.

"Niliuona, baba. Niliuona tangu una vijani viwili."

"Na yale aliyoyang'oa?"

"Hayo alikuwa ameshayatupa nilipofika. Nililia chumbani."

"Sasa mbona hukumwambia? Miezi yote mtu anamwagilia mvinje!"

Alinitazama mimi, wala hakumtazama baba yake. "Ningemwambia, angeacha kuja."

Shangazi aliyekuwa ameinuka kwenda kufunga mizigo akakaa tena. Mimi macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nimesimama hapo miezi yote nikijiona ndiye mjanja na kopo langu la tundu moja, kumbe kulikuwa na mtu amekaa na siri nzito kuliko mti, jioni baada ya jioni, anashika kopo na ananisikiliza nikijisifu.

Mzee aliipekechapekecha ile pingili kati ya vidole. Halafu akavuta kiti, akakaa, akavua koti lake la baridi ambalo alikuwa hajalivua tangu ashuke basi, akalitundika kwenye mgongo wa kiti.

"Wazee wako," akaniuliza, "wanakuja lini?"